Kipimo cha Mkate

Winchi alikuwa na muda mpaka saa nane mchana. Saa hiyo angepandishwa mahakamani kwa kosa la kumuua mgonjwa, na Inspekta alikuwa bado hajaridhika.

Si kwamba alimwonea huruma. Winchi alikuwa msaidizi kwenye wodi ya wanaume, hospitali ya wagonjwa wa akili, mtu wa mabega mapana aliyepewa jina hilo kwa sababu alibeba mgonjwa mzima mzima bila kuita mtu wa pili. Juzi asubuhi kijana mmoja aliyeitwa Fundi Redio alifia kitandani kwake baada ya chai. Mama mmoja aliyekuja kumwona mpwa wake alichungulia dirishani, akaona shingo ya yule kijana imepinda mpaka kidevu kimekaa begani, na mikono ya Winchi imeshika kichwa. Akapiga kelele. Watu walipoingia, kijana alikuwa hapumui na Winchi amesimama pembeni anajifuta mikono kwenye suruali.

"Sikumgusa," alisema siku hiyo. Na leo, katika chumba cha mahojiano, alikuwa bado anasema hivyohivyo.

"Mtu amekuona," Inspekta alisema.

"Ameona vibaya."

"Mikono yako ilikuwa kichwani kwake."

"Labda ilikuwa ya mtu mwingine."

Koplo, aliyekuwa amesimama mlangoni, akacheka. "Mikono kama hiyo, kaka, haina pacha mji huu."

Winchi aliitazama mikono yake kama vitu alivyokabidhiwa na mtu, akaishusha chini ya meza. Inspekta alimuuliza kama walikuwa na ugomvi. Akasema hapana. Alimuuliza kuhusu sigara, maana mfagizi alidai kwamba Fundi Redio na Winchi walizozana kwa ajili ya sigara wiki iliyopita. Akakubali. Alimnyang'anya, ndiyo, kwa sababu alikuwa akivutia kitandani na angechoma godoro. Hilo alilisema lote bila kusita. Akirudishwa kwenye ile asubuhi, anafunga mdomo.

Mtu anayeficha kitu kimoja na kutoa vingine vyote, Inspekta alifikiri, si lazima awe anaficha kile unachokitafuta.

Simu ililia. Alikuwa daktari wa chumba cha maiti.

"Shingo haijavunjika," daktari alisema. "Haijateguka hata. Niliigeuza huku na huku, laini kama ya mtoto aliyelala."

"Mashahidi wanasema ilikuwa imepinda kama shuka linalokamuliwa."

"Mimi nimeletewa ikiwa imenyooka. Alama za vidole zipo, lakini kisogoni na nyuma ya masikio. Mbele ya koo hakuna kitu. Anayekaba hakabi kwa kisogo, Inspekta."

"Amekufa kwa nini?"

"Mkate. Njia ya hewa imejaa mkate, haujatafunwa vizuri. Na kuna kingine. Kidole chake cha shahada cha kulia kina alama za meno, na chini ya ukucha kuna mkate. Meno ni yake mwenyewe, nimelinganisha."

Inspekta alikata simu, akamweleza Koplo.

"Labda alikuwa na njaa, afande," Koplo alisema. "Akaanza kujila mwenyewe."

Inspekta hakucheka. Alichukua funguo za gari. Shingo iliyovunjwa na mtu haijinyooshi yenyewe mwenye nayo akishakufa. Hii ilikuwa imejinyoosha. Kwa hiyo kilichoipinda kilikuwa ndani ya mwili wa kijana, kikafa pamoja naye.

*

Wodi ya wanaume ilikuwa chumba kirefu chenye vitanda vya chuma pande mbili na njia katikati, kinanuka dawa ya kusafishia sakafu na chai iliyochemshwa sana. Mgonjwa mmoja alikuwa akitembea kwenye njia ile kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na hata aliposimama kuwapisha aliendelea kunyanyua miguu palepale, mmoja halafu mwingine. Mwingine alikaa na kikombe, mkono unamtetemeka, mate yanamtoka pembeni ya mdomo na wala hayafuti.

"Huyo anapasha misuli," sauti ilisema kutoka kitandani. "Mechi haijaanza."

"Usimsikilize," alisema Sista. "Tunamwita Refa. Alikuwa anachezesha mechi za shule kabla hajaugua. Kila mtu humu ameshapewa kadi."

Sista ndiye aliyesimamia wodi, mwanamke wa makamo, viatu safi, anayeongea bila kuacha kufanya kazi. Alimfuta yule wa mate kwa kitambaa, akamwinua kidevu, akaendelea.

"Anayetembea vile, watu wa nyumbani wanasema kichaa kimerudi. Si kichaa, ni dawa. Inamwambia miguu isitulie. Ukimfunga kamba unamtesa bure, na ukimwongezea sindano ndiyo unazidisha. Tunamwacha atembee, tunamwambia daktari apunguze. Na huyu anayetetemeka ni dawa pia. Hatumpi chai ya moto kikombe kikijaa."

"Na shingo kupinda?"

Sista alikunja kitambaa mara mbili zaidi ya ilivyohitajika.

"Inatokea. Hasa kwa vijana, siku za mwanzo za dawa mpya. Ile ya zamani iliisha, tumeletewa hii ya sindano, ina nguvu. Misuli inakamata. Shingo, macho, taya, wengine ulimi."

"Inaponywa?"

"Kuna kidonge cheupe. Na kuna sindano yake, hiyo ni ya haraka."

"Fundi Redio alipewa?"

"Inspekta, nikueleze kitu uelewe." Alisogea karibu, akapunguza sauti. "Hicho kidonge ukimeza vingi kinalewesha. Walikuwa wanabadilishana humu kwa sigara. Mmoja alivificha ndani ya soksi, akavimeza vyote kwa mpigo, tukamkimbiza hospitali kubwa akiwa haoni wala hasikii. Baada ya hapo kila mtu akawa na shingo! Ukipita tu, 'Sista, shingo, Sista, taya.' Tukakubaliana hatukimbilii kabati. Tunamwangalia mtu kwanza."

"Mnamwangalia vipi?"

"Tunamwangalia tu kama anaigiza."

"Kwa kitu gani?"

Sista alikwenda kupanga vikombe kwenye toroli la chai.

Inspekta alivuta kiti hadi kitanda cha Refa. Kitanda cha jirani hakikuwa na godoro, waya tupu. Ndicho kilichokuwa cha Fundi Redio.

"Ulikuwepo juzi asubuhi?"

"Mimi siondoki uwanjani, dada."

"Polisi walikuuliza?"

"Nani amuulize mwendawazimu? Ushahidi wangu umeotea kabla haujapigwa." Alicheka, lakini cheko likaishia upande mmoja wa uso. "Nitakuambia. Winchi alimchezea rafu, lakini haikuwa rafu ya... ya..."

Inspekta alidhani anatafuta neno. Macho ya Refa yakaanza kupanda juu, polepole, kama mtu aliyesikia kitu darini, na yakabaki hukohuko. Kichwa kikaanza kugeuka kuelekea bega la kushoto. Alikishika kwa mkono kukirudisha, nacho kikamshinda.

"Sista!" Inspekta aliita.

Sista alikuja, akasimama miguuni pa kitanda, akatazama.

"Refa, umeshaanza. Mgeni kaja ndiyo unaanza."

Refa alitoa sauti. Maneno hayakutoka, taya lilikuwa limebana.

"Amechomwa lini?" Inspekta aliuliza.

"Leo alfajiri, ile mpya. Lakini huyu ni fundi wa kuigiza, afande. Wiki iliyopita aliigiza kavunjika mguu apewe penalti." Tayari Sista alikuwa amechukua kikombe na kipande cha mkate kwenye toroli. Aliviweka mapajani kwa Refa, kwa upole kabisa. "Haya, kaka. Kula kwanza. Ukimaliza nitakupa kidonge chako. Dawa hailiwi na tumbo tupu."

Akarudi nyuma hatua mbili, akakunja mikono, akatazama.

Refa alichukua mkate. Aliupeleka mdomoni bila kuuona, maana macho yalikuwa bado darini. Meno yalifunguka kidogo tu. Akausukuma. Haukuingia. Akaukata kipande kidogo, akakiweka penye mwanya wa meno, akainua kidole cha shahada akaanza kukisukuma ndani.

Inspekta alimshika kifundo cha mkono.

"Acha," alisema. "Tema."

"Afande, unaniharibia—"

"Toa mkate huu hapa, Sista."

Aliingiza kidole chake mwenyewe pembeni ya shavu la Refa, akakitoa kipande kikiwa kimelowa. Meno yalimbana, akavuta, akatoka na michubuko. Alikitazama kidole chake, kisha akatazama cha Refa. Yule anayetembea aliendelea, kwenda na kurudi.

"Nieleze hiki kipimo," alisema.

"Anayeigiza anakula." Sauti ya Sista ilikuwa imekauka. "Mwenye taya lililobana kweli hawezi, anaukataa. Basi hapo tunajua, tunampa dawa."

"Mgonjwa anajua hivyo?"

"Angejua kipimo kisingefaa."

"Yeye anajua nini?"

"Anajua kwamba... akila..."

"Malizia."

"Akila anapata kidonge."

Sista alisikia alichokisema. Inspekta alimwona akikisikia. Uso haukubadilika, mikono tu ilifunguka ikaning'inia.

"Juzi uliambiwa Fundi Redio amekula?"

"Winchi alikuja akaniambia amekula. Nikasema si unaona, hana kitu."

"Leta ile sindano ya haraka."

"Mpaka daktari aidhinishe."

"Mpigie."

Alipiga kwa simu ya mezani, na kwa jinsi chumba kilivyotulia, kila mtu alisikia sauti ya daktari wa wodi upande wa pili. "Imefika kwenye taya? Anameza? Sasa unanipigia ya nini, mchome! Mkalishe wima, usimpe kitu mdomoni, usimlaze chali!"

Basi Sista akafanya kazi yake, na aliijua. Alimkalisha Refa, akamwinamisha mbele kidogo ili mate yatoke nje na yasirudi kooni. Alimfuta. Alimchoma sindano pajani, akakaa pembeni yake, mkono mgongoni, akiongea naye taratibu. "Sio wewe, ni dawa. Inaachia sasa hivi. Vuta pumzi kwa pua. Nipo hapa." Maneno hayo alikuwa nayo siku zote. Alikuwa akiwaambia wale aliowaamini.

Chai ya kwenye toroli ilipoa. Macho ya Refa yalishuka kutoka darini, yakamkuta Inspekta. Kichwa kikarudi katikati kidogo kidogo, hakuna aliyekishika. Alifungua mdomo, akaufunga, akaujaribu tena kama mlango uliopakwa mafuta.

"Kadi nyekundu," alisema. Sauti ilikuwa nzito. Hakusema ya nani.

"Sema ulichoona juzi."

"Hivihivi. Winchi alimletea mkate. Akamshika kichwa anamnyoosha, anamwambia jikaze kaka, kipande kimoja tu, nikuletee dawa yako. Jamaa akasukuma kwa kidole. Winchi akaondoka. Jamaa akawa anapiga chuma cha kitanda, pa, pa, pa. Mimi nikaita. Hapa mtu akiita wanasema anaita tu, hawaji." Alimeza mate, akaona kwamba yamepita. "Winchi aliporudi, jamaa alikuwa ameshabadilika rangi. Akamshika tena kichwa. Ndipo yule mama akapiga kelele dirishani."

Inspekta alisimama. "Sista, ni nani mwingine amechomwa hiyo dawa mpya?"

"Wengi."

"Tuanzie hapa."

Walikwenda kitanda kwa kitanda. Sista alimwambia kila mmoja atoe ulimi, ageuze shingo kulia, kushoto, ameze mate huku yeye akimtazama koo. Wanaume wazima, mmoja baada ya mwingine, walitoa ndimi zao kwa utii kama watoto. Wa karibu na mlango alishindwa kuutoa. Alikuwa amekaa kimya tangu asubuhi, mikono magotini, na kwa kuwa hakusumbua mtu hakuna aliyemwangalia.

Sista alikwenda kabatini bila kuambiwa.

*

Winchi alikuwa ameinamisha kichwa mezani Inspekta na Koplo walipoingia.

"Ulimshika shingo," Inspekta alisema. "Mara mbili. Nataka kusikia kutoka kwako."

"Nani kasema?"

"Refa."

Winchi aliinua uso. Kwa mara ya kwanza alionekana kushangaa. "Refa mmemsikiliza?"

"Kwa nini ulisema hukumgusa?"

"Yule mama alishasema nimemnyonga. Nikikubali nimemshika kichwa, nani ataniuliza nilimshikia nini? Ungeniuliza wewe?"

Inspekta aligeukia mlangoni. Alimwambia Koplo apige simu kwa mwendesha mashtaka, shauri la mauaji lisubiri. Halafu akatoka kwenda barazani.

Mama wa Fundi Redio alikuwa kwenye benchi tangu asubuhi, mkoba mapajani, amevaa nguo za kwendea mahakamani. Alitaka kuuona uso wa aliyemuua mwanawe ukisomewa. Ndilo jambo pekee alilowaomba polisi tangu juzi. Inspekta alikaa karibu naye, akamweleza yote, kwa mpangilio: sindano mpya, misuli, shingo, taya, mkate. Mama alisikiliza akitazama ukuta wa mbele.

"Kwa hiyo hakuna aliyemuua," alisema.

"Sijasema hivyo, mama. Sista ataandika maelezo leo. Na aliyeipitisha ile sheria yao, na daktari aliyeleta dawa mpya bila kuwaambia taya likibana wafanye nini. Itachukua muda. Lakini hakunyongwa."

"Yule mwenye mikono yuko wapi?"

"Ndani."

"Nipelekeni."

Koplo alimtazama Inspekta. Inspekta akasimama.

Chumbani, Winchi alijaribu kuinuka kwa heshima, goti likagonga meza. Mama hakukaa. Alisimama mbele yake, mdogo, mkoba kifuani.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. "Taya limebana, unampa mkate. Kwa nini alikula?"

"Nilimwambia akimaliza nitamletea dawa."

"Akasemaje?"

"Hakuweza kusema."

"Akafanya nini basi?"

Winchi alitoa mkono chini ya meza.

"Alikula. Halafu akaninyooshea kiganja," alisema. "Hivi. Kwamba amemaliza, nimpe." Alikuwa amenyoosha mkono wake mkubwa juu ya meza, kiganja juu, na hakuonekana kujua namna ya kuurudisha. "Nikaenda kumwambia Sista kwamba amekula. Nikamwambia haumwi kitu, alikuwa anaigiza."

Mama aliutazama mkono ule. Hakulia. Huenda alikuwa amemaliza kulia, au kilio kilikuwa bado hakijafika. Aliufungua mkoba, akaufunga tena bila kutoa kitu.

"Mnaandika?" alimuuliza Inspekta.

"Tutaandika maelezo yake, ndiyo."

"Andika kwamba hakuwa anaigiza."

"Itakuwemo, mama. Huwa tunaanza na jina la anayetoa maelezo, umri, kazi—"

"Anza na hilo."

Koplo alikohoa. Inspekta alivuta kiti, akakaa, akavuta karatasi. Aliandika mstari mmoja juu kabisa, mahali pasipo pake, akaugeuzia upande wa mama ausome. Mama aliusoma akifuatisha kwa kidole, neno kwa neno, mpaka mwisho. Kisha akamwambia Winchi aendelee.